Miguu Iondoke Kwanza

Okewa, mpwa wangu,

Picha zako zimefika. Mjukuu wangu alinifungulia simu jana magharibi tukiwa tumekaa kibarazani, mvua ya chwiri, masika yetu, ikipiga mabati, nikamwambia azikuze moja baada ya nyingine mpaka nione ncha ya jani. Nimeona grini saba za kiwanja chenu cha gofu zilizogeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nimeona pia kiatu chako katika picha ya nne, kimesimama katikati ya grini. Kiatu hicho nitakirudia.

Nimesikiliza na ile sauti uliyonitumia usiku wa manane wa huko. Unasema msimamizi wako amekuita ofisini mara mbili wiki hii. Unasema wanachama wanataka tarehe ya kuanza kucheza na wewe tarehe huna. Unasema afadhali uache kazi ya nyasi ukaendeshe lori, maana lori likiharibika unajua ni spea gani ya kutafuta. Niliisikiliza mara tatu, na mara ya tatu sikufuata maneno, nilifuata pumzi yako. Umechoka, mwanangu. Mimi pia nimechoka. Miaka 31 nimepiga magoti kwenye nyasi za watu, na magoti yenyewe sasa hayakunjiki asubuhi mpaka jua litoke. Sina nguvu ya kukugombeza, wala sioni kosa la kukugombezea. Lakini mama yako alipoolewa Asembo mimi nilibaki mjomba, na mjomba hawezi kumwambia mpwa wake pole halafu akanyamaza.

Kwanza, acha kusema baridi imeua nyasi. Umelisema mara nne katika sauti moja. Ukishika sababu isiyo yenyewe, utashika na dawa isiyo yenyewe.

Hapa Kombewa barafu tunayoijua ni ile inayoletwa kwa gari hadi ufukweni kuhifadhia mbuta. Mchuuzi huipanga juu ya samaki, akafunika kwa gunia, na samaki hufika mbali macho yangali maangavu. Ndiyo maana nikiwaeleza majirani kwamba barafu imekuharibia kiwanja hawanielewi; kwao barafu ni kitu cha kuzuia kuoza. Huwa nawaambia hivi: samaki amekwisha kufa. Nyasi zilizo chini ya barafu ziko hai, zimelala tu, na aliyelala anapumua.

Hapo ndipo penye kifo. Theluji peke yake haina neno, kwa sababu ni kama blanketi na ina hewa ndani yake. Lakini mvua ikinyesha juu ya theluji katikati ya Januari, kama ilivyonyesha kwenu, kisha usiku ukaganda, unapata kioo kizima kilichobandikwa juu ya udongo. Mizizi na vijidudu vya ardhini vinaendelea kuvuta oksijeni kidogo kidogo, na hakuna nyingine inayoingia. Hewa chafu inajaa humo. Kuanzia siku hiyo ni kuhesabu tu. Chuo Kikuu cha Michigan State, hapo hapo jimboni kwenu, kimelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1960. Mtaalamu wao James Beard alikuwa akifunika nyasi kwa barafu na kuhesabu siku ambazo nyasi hizo zinahimili. Wanaoitunza kazi hiyo leo husema kwa jumla kwamba poa, ile nyasi inayojiotea yenyewe kwenye grini za zamani, huanza kufa kati ya siku 45 na 90. Benti, ile nyasi ya kupandwa, hustahimili siku 90 hadi 120, na pengine zaidi. Sasa rudi kwenye picha yako ya pili. Yale mabaka ya kijani yaliyobaki, ya duara kama sahani, ni benti. Yote yaliyoyazunguka, yaliyokauka, ni poa. Barafu imekuchambulia grini yako na kukuonyesha ulichokuwa nacho miaka yote bila kukijua.

Uliniambia kwamba mwezi Machi, ulipopasua barafu pale grini ya saba, ulisikia harufu ya maziwa yaliyolala. Harufu hiyo naijua bila kufika Michigan. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kiwango cha 1964, kiwango ambacho sisi tuliokiona tukiwa vijana tulidhani hatutakiona tena. Huku Seme maji yaliingia kwenye maboma ya watu. Bustani ya bwana mmoja karibu na ufuko ilikaa chini ya maji wiki nyingi, na maji yaliporudi nyuma aliniita nimwambie kama nyasi zake zitaamka. Nilikata donge kwa panga, nikalileta puani. Maziwa yaliyolala. Na siku hiyo hapakuwa na baridi hata chembe. Kulikuwa na joto la kutokwa jasho ukiwa umesimama. Nyasi zake na zako zimekufa kifo kimoja, za kwake chini ya maji ya vuguvugu, za kwako chini ya barafu. Zote zimekosa pumzi.

Kuna na kifo cha pili, na naona kimekupata pia, kwenye grini mbili zilizo bondeni. Ile siku ya jua ya mwishoni mwa Februari uliyonitumia picha umevaa shati tu, ukifurahi, mimi huku sikufurahi. Barafu iliyeyuka juu, lakini chini udongo ulikuwa bado umeganda, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Yakasimama. Kila mmea una sehemu ndogo iliyo kati ya jani na mzizi, sisi tuliizoea kuiita kitovu, na kitovu hicho kikipata maji na jua kidogo hudhani masika yamefika. Kinakunywa. Kinajaa. Kisha usiku baridi ikarudi ghafla. Unajua chupa ya maji iliyojazwa hadi kizibo ikiwekwa kwenye friza inavyopasuka. Basi kitovu kilichojaa maji hupasuka vivyo hivyo, seli kwa seli. Poa ndiyo ya kwanza kuamka, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupasuka.

Nakueleza haya yote kwa sababu moja. Wewe hukuileta mvua ya Januari, wala hukulileta jua la Februari. Katika majira ya baridi ya 2013 kuamkia 2014 viwanja vingi vya Michigan na vya Ontario ng'ambo ya mpaka vilipoteza grini zao, na waliokuwa wakivisimamia walikuwa watu wenye vyeti na uzoefu wa miaka. Hakuna aliyelala kazini. Kwa hiyo hilo litue chini. Usiku ulale.

Lakini yako mawili ambayo ni ya mikono ya watu, na haya ukayaseme mwenyewe ofisini kabla hayajasemwa na mwingine. Moja ni ule mti, ule msonobari mkubwa upande wa kusini wa grini ya saba. Kivuli chake kimeiweka barafu hapo wiki tatu zaidi kuliko kwingine, umeniambia mwenyewe. Jingine ni pindo. Kila mwaka mnamwaga mchanga juu ya grini, na kila mwaka mashine na burashi husukuma mchanga kidogo hadi ukingoni. Miaka 20 ikipita, ukingo umepanda kama mdomo wa sufuria, na grini imekuwa sufuria yenyewe. Maji yanayoyeyuka yanafika pindoni na kugota. Hilo halionekani kwa macho wakati wa kiangazi. Linaonekana sasa, mwezi huu tu, kwa sababu umbo la nyasi zilizokufa ni umbo la maji yalivyosimama. Chora ramani leo. Piga picha ukiwa juu ya ngazi. Nyasi mpya zikishaota, ushahidi umefunikwa, na hakuna atakayekubali kulipia kung'oa pindo ambalo linaonekana zuri.

Sasa kiatu.

Nilipokuwa na miaka 20 na kitu, kabla sijaja kufanya kazi za huku ziwani, niliajiriwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Kulikuwa na kiwanja kidogo cha gofu cha mameneja, na mimi niliwekwa kwenye nyasi. Kericho usiichukulie mchezo: ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua ya mawe. Nimeona nyasi zimefunikwa weupe saa tisa mchana, mawe yakifika juu ya kifundo cha mguu, na majani ya chai yamechanika kama yamepigwa kwa fimbo. Mara ya kwanza nililia, nikidhani kazi imekwisha siku nimeianza. Lakini mawe hupiga jani tu. Kitovu kiko chini, salama, na baada ya wiki mbili hutajua.

Kilichonifundisha kitu ni jalidi, ule umande ulioganda. Ilikuwa Januari, kiangazi, usiku wa anga safi bila wingu. Niliamka alfajiri nikakuta kiwanja kizima kinameta. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Nikatembea katikati ya grini, nikaenda hadi kwenye bendera, nikisikia nyasi zikilia chini ya buti kama sukari. Mzee aliyekuwa nyapara wetu, Mkipsigis mmoja mpole, alisimama ukingoni akaniita kwa jina, hakupiga kelele. Akaniambia, toka kwa njia ile ile uliyoingilia. Nilitoka. Jua lilipopanda, jalidi ikayeyuka, na grini nzima ikarudi kijani isipokuwa mahali nilipokanyaga. Kufikia jioni nyayo zangu zilikuwa za kahawia. Siku ya tatu zilikuwa nyeusi. Hatua 38, nilizihesabu, kwenda na kurudi. Jani lililoganda ni kioo; likikanyagwa linavunjika ndani. Yule mzee hakuniambia neno lingine. Kila asubuhi alinituma nikazitazame, na zilikaa hapo zaidi ya mwezi.

Nyasi ambayo haikukanyagwa ilipona baridi ile ile. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Baridi ilipita juu ya grini nzima, na palipokufa ni pale penye mguu wangu.

Nilidhani nimejifunza, lakini mtu hajifunzi mara moja. Miaka mingi baadaye, nikiwa fundi mkuu wa kiwanja kingine, mvua zilishusha tope kutoka milimani likalala juu ya grini nne, tope la mfinyanzi, unene wa kidole gumba. Tulifanya kazi nzuri. Tulilisukuma kwa maji likiwa bado bichi, kabla halijakauka na kuwa kigae. Tulitoboa kwa uma ili hewa ishuke, tukamwaga mchanga wa mto kidogo kidogo, na wiki ya tatu nyasi zikaanza kutambaa. Kijani kilikuwa kimerudi. Kwa aliyesimama mbali, grini imepona. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu yake, nimevuta jani moja kwa vidole viwili, nalo likang'oka lote bila kukataa. Halikuwa na mzizi. Na Ijumaa hiyo walikuja kuniuliza kama mashindano ya Jumamosi yanaweza kuchezwa hapo. Nikasema ndiyo.

Hakuna aliyenilazimisha. Waliniuliza kwa upole, nami niliogopa kuonekana mtu asiyeweza kazi yake. Jumapili jioni grini zile nne zilikuwa mkeka uliochakaa, na zilibaki hivyo hadi opon ilipokuja, mvua za mwisho wa mwaka. Tope lilikuwa limeziumiza, nami nikaziua nikijua ninachofanya. Nimelisema kwa watu watatu tu, wewe ukiwa wa tatu.

Basi elewa kwa nini kiatu chako kimeninyima usingizi. Grini iliyotoka kwenye barafu huwa laini kama uji juu na ngumu kama saruji chini. Ukisimama hapo kupiga picha, umekandamiza matundu ya hewa machache yaliyobaki, na vitovu vilivyosalia, vile ambavyo havijaamua kama vitaishi, umevisukuma upande wa kufa. Zungusha kamba leo. Na wafanyakazi wenzako wabaki nje ya kamba. Rola isiguse. Mashine kubwa ya kukalia isiguse. Ukitaka kuingia, weka mbao, tembea juu ya mbao.

Kisha, kabla ya kununua mbegu hata gramu moja, jua kilicho hai. Umeniambia mliamua kwa macho. Macho ya Aprili yanadanganya pande zote mbili: nyasi ya kahawia huweza kuwa hai, na nyasi ya kijani huweza kuwa imekufa bado haijapata habari. Chukua kile kikata shimo mnachotobolea vikombe vya bendera. Toa madonge katika kila grini, matatu au manne, mahali pabaya na mahali pazuri. Yaweke kwenye vikopo, uyanyweshe maji, uyapange dirishani chumbani kwako penye joto na mwanga. Kazi hii ilifaa Februari, na mwakani utaifanya Februari. Lakini hata sasa hujachelewa. Pasua mmea mmoja kwa wembe, utazame kitovu. Kikiwa cheupe na kigumu, kinaishi. Kikiwa cha kahawia na kinabonyea kama ndizi iliyooza, kimekwisha. Baada ya siku kumi hivi, donge lenye uhai litakuwa limetoa ncha mpya.

Palipokufa pote utapanda. Panda benti, usipande tena kwa matumaini ya poa kurudi. Poa itarudi yenyewe, mbegu zake zimejaa kwenye udongo huo, na itarudi mbele ya benti na kukupa kijani cha haraka, na wanachama watakupongeza. Usiichukie, itakusitiri msimu huu. Lakini usiitegemee, kwa sababu imekwisha kukuonyesha inachofanya barafu ikikaa.

Mbegu ya benti ni ndogo kuliko wimbi, ndogo mno. Gramu moja huwa na mbegu zaidi ya 10,000. Gramu tano hadi saba kwa mita ya mraba zinatosha. Usizimwage juu ya maiti za nyasi ukaondoka. Mbegu isiyogusa udongo ni chakula cha ndege. Toboa vijishimo vingi vifupi, au pitisha mashine ya kuchana mistari, pande mbili zinazokatana, halafu mchanga mwembamba juu, halafu maji. Na uliza, uliza kwa maandishi, kama vuli iliyopita au mwezi huu mlipiga dawa ya kuzuia magugu kuota. Dawa hiyo haijui gugu na haijui benti. Watu wamepanda mara tatu juu yake na kulaumu muuza mbegu.

Maji yawe kidogo, mara nyingi kwa siku, unyevu wa juu tu usikauke. Mbolea vivyo hivyo, kidogo kila wiki, na mche mchanga unataka fosfati mwanzoni. Najua mkono wako, okewa. Ulipokuwa mtoto ulimwagilia miche ya sukumawiki ya bibi yako mpaka ikaelea. Mche mdogo haulishwi kama ng'ombe. Tandaza yale mashuka yanayopitisha hewa na maji ili udongo upate joto, maana ardhi ya huko ndiyo adui yako sasa. Hapa kwetu nyasi ikipata mvua na jua inatambaa unaiona, ukirudi baada ya mazishi ya siku nne imevuka njia. Huko udongo ukiwa baridi mbegu inakaa kimya wiki mbili, na wewe unadhani imekufa, unapanda nyingine juu yake. Ngoja. Funua mashuka mara kwa mara utazame ugonjwa, kisha ufunike tena. Ukianza kukata, inua kisu cha mashine, sahau milimita tatu mlizozoea. Anza mara mbili ya hapo, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, na kisu kikate, kisirarue.

Grini ambayo ni ya kwanza kuonwa na kila mtu, ile ya mbele ya klabu, hiyo tafuteni mkeka wa nyasi kutoka kitalu chenu cha nyuma. Mkeka uliokua kwenye mchanga kama wenu, si wa kununuliwa uliokua kwenye mfinyanzi. Ukiweka mfinyanzi juu ya mchanga umejenga sakafu, na maji yatasimama juu yake mwaka ujao mahali pale pale.

Inachukua muda gani? Hili ndilo swali la ofisini. Mbegu katika masika ya baridi huhitaji wiki sita hadi kumi mpaka iweze kubeba mtu, na hewa ikikataa kupasha joto ni zaidi ya hapo. Sema hivyo. Usiseme tarehe. Sema, nitavuta jani kwa vidole viwili, likinikatalia tutafungua. Mwite msimamizi apige magoti avute mwenyewe. Sijawahi kuona meneja aliyevuta jani likang'oka mkononi mwake kisha akaamuru lichezewe. Wanaoamuru ni wale wanaotazama kutoka dirishani. Nilipoulizwa Ijumaa ile, kama ningemwambia yule bwana, njoo uvute, mambo yangekuwa mengine.

Na wanachama wapewe mahali pa kucheza. Kateni grini za muda mbele ya zile mbaya, kwenye njia ya kawaida ya kuchezea, mzikate ziwe fupi, mweke shimo kubwa kidogo. Watanung'unika. Waeleze kwa heshima kwamba gofu haikuzaliwa kwenye zulia. Enzi zetu viwanja vingi vya bara huku Kenya havikuwa na grini za nyasi kabisa. Vilikuwa na brauni, mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, na ukimaliza kupiga unasawazisha nyayo zako kwa ajili ya anayekuja nyuma. Watu walivaa tai wakacheza hapo na kurudi nyumbani wameridhika. Na hapa Kisumu, klabu ya Nyanza ilikuwa na kanuni ambayo hadi leo inasimuliwa duniani, kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba hata ikawa hatari, mchezaji aruhusiwe kuangusha mwingine mahali salama bila adhabu. Waliotunga kanuni hiyo walitazama ardhi waliyopewa wakaifuata. Ardhi yenu mwaka huu ina barafu iliyopita. Kanuni iifuate.

Umesema jambo jingine ambalo ulilisema haraka, ukidhani sitalisikia. Ulisema huenda mtu wa kwetu hafai kwa kazi ya nyasi za baridi. Nimelisikia, na limeniuma kuliko yote.

Ile nyasi ya modhno inayotambaa hapa uani kwangu ni jamaa wa karibu wa nyasi zinazochezewa kusini mwa Marekani. Nyasi za ukoo huo zilichukuliwa kutoka bara hili, nyingine kutoka Afrika Kusini, zikapelekwa Tifton, Georgia, ambako Glenn Burton alizichanganya, na mwaka 1956 akatoa ile iitwayo Tifgreen iliyoenea kwenye grini za nchi za joto. Nyasi ya kikuyu, iliyopewa jina la watu wa milima yetu, inafunika njia za kuchezea gofu za klabu ya Riviera kule Los Angeles. Hata zile za Tifton, baridi ikizipiga huko kusini, watu hukesha wakizifunika mashuka. Nyasi haina kwao. Ina udongo iliyopewa na mtu anayeipigia magoti, na hao wa huko waliopoteza grini mwaka 2014 walizaliwa kwenye theluji. Usirudie neno hilo, hata kwa moyo.

Mvua imekatika sasa. Mahindi yangu yametoa majani mawili, na kijana wa kupalilia ananiambia tuingie kesho kwa sababu magugu yamewahi. Nimemwambia udongo bado umelowa, tungoje Alhamisi. Amenuna. Na yeye nitamwita apige magoti, ashike donge, alikamue, aone maji yakitoka kati ya vidole vyake.

Wewe kesho toa yale madonge kabla msimamizi hajafika. Yaandike namba ya grini kwa kalamu isiyofutika na uyaweke dirishani. Siku ya kumi nipigie, usitume sauti, piga. Huku itakuwa usiku, lakini simu itakuwa kifuani kwangu, na mjukuu amenifundisha kupokea bila kumwamsha. Uwe na wembe mkononi. Nataka uupasue mmea mmoja tukiwa tunaongea, halafu uniambie kitovu kina rangi gani.